Besi ya mashoto: fungua shingo kwanza, pesa baadaye

Sisi mashoto tuna njaa ya magitaa ya besi ya zamani, na wauzaji wanaijua. Mimi nilijifunzia Dar es Salaam kwa besi ya bendi, ya mkono wa kulia. Kwa kuwa haikuwa yangu, hakuna aliyeniruhusu kuhamisha nyuzi. Niliipindua tu nikapiga hivyo hivyo, nyuzi nene zikiwa chini. Kwa hiyo siku nilipoingia duka moja London nikaona Jazz Bass, besi ya kampuni ya Fender, ya shoto, inayosemwa ni ya 1966, akili ilibaki mlangoni.

Nilikagua, msidhani sikukagua. Muuzaji alinionyesha nambari kwenye bamba la chuma nyuma ya shingo, ikalingana na miaka hiyo. Akafungua sehemu ya vitufe vya sauti nikaona poti, vile vifaa vya umeme vinavyozungushwa na vitufe, zimegongwa 1376632: 137 ni kampuni ya CTS, 66 ni mwaka, 32 ni wiki. Nikalipa.

Miezi mitatu baadaye fundi aliifungua shingo ili airekebishe, akanyamaza kidogo, kisha akaniita. Kisigino cha shingo, pale kiwanda kilipokuwa kikiandika tarehe, kilikuwa kimesuguliwa msasa. Bamba lilikuwa la kweli na poti ni za kweli, ila zilitoka kwenye besi ya kulia iliyochinjwa. Mbao ndiyo ilikuwa ya juzi. Bamba lile hushikwa na skrubu nne tu, wala nambari yake haisemi kama gitaa ni la kulia au la shoto. Na hata poti halali hazimalizi ubishi: Fender walinunua shehena kubwa mwaka 1966, wakaendelea kuzitumia miaka kadhaa. Poti hukwambia gitaa si la zamani kuliko hapo, basi.

Kwa hiyo siku hizi naomba shingo ifunguliwe mbele yangu. Natazama kama matundu ya skrubu yamechimbwa mara mbili, na kama risasi ya kulehemu bado inang'aa. Halafu ile tochi ya urujuanimno wanayokagulia noti bandia: rangi iliyozeeka na kiraka cha jana having'ai sawa chini yake. Ukiona kitufe cha sauti kinazungushwa upande wa watu wa kulia, usikimbie. Besi nyingi halali za shoto zilifungwa poti za kawaida.

Besi ya Höfner 500/1, ile yenye umbo la fidla, ina mtego wake. Paul McCartney wa Beatles, shoto mwenzetu, aliinunua ya kwake Hamburg mwaka 1961, na amewahi kueleza kwamba alipenda vile pande zake mbili zinavyolingana, ukiipindua haichekeshi. Kilichomvutia yeye ndicho kinachowafaa matapeli: mwili wa kulia unageuzwa kuwa wa shoto bila kukata pembe. Kinachowasumbua ni bamba la vitufe, kwa sababu likipinduliwa linakuja juu, chini ya mkono wako. Wakilihamisha, tundu la zamani lazima lizibwe. Kwa kuwa gitaa lina uwazi ndani, ingiza kioo kidogo na tochi utafute kiraka. Tazama pia vile vidoti vya ubavuni mwa shingo. Vikiangalia sakafu badala ya macho yako, ujue shingo ile ni ya kulia.

Cheti cha dukani sikiamini sana. Nipe picha ya zamani, gitaa likiwa mikononi mwa mwenyewe, nilinganishe mikwaruzo na mishipa ya mbao.

Mwaka jana muuzaji mwingine alikataa kutoa bisibisi, eti nitaharibu thamani. Nilimuaga nikaondoka, japo usiku sikulala vizuri.

Ile ya London bado ninayo. Inalia vizuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi.