Helsinki, Tallinn na Riga na watoto: siku nane za majira ya baridi

Kwenye ramani, Finland, Estonia, Latvia na Lithuania zimebanana kama vyumba vya nyumba moja, na hapo ndipo familia nyingi hujichanganya: zinataka kuziona zote kwa wiki moja. Ukiwa na watoto, tatu zinatosha. Kila mara unapohama mji unapoteza nusu siku, na wakati wa baridi nusu siku hiyo ndiyo mwanga wote uliokuwa nao.

Mpango unaokaa vizuri ni huu: lala mara tatu Helsinki (Finland), mara mbili Tallinn (Estonia), mara mbili Riga (Latvia). Kata tiketi ya ndege ya kuingilia Helsinki na kutokea Riga, kwa sababu kurudi ulikoanzia kutakula siku nzima. Kutoka Helsinki hadi Tallinn ni kama kilomita 80 za bahari, na feri hutumia takriban saa 2. Tallinn hadi Riga ni kilomita 310 hivi, basi huchukua saa 4 na nusu. Nchi zote tatu zinatumia euro, kwa hiyo hakuna kubadilisha fedha njiani. Kukodi gari hakuna faida kubwa kwenye njia hii. Kulichukua nchi moja na kuliacha nyingine kunaongeza gharama, na kuendesha kwenye barafu si kazi ya kujifunzia safarini.

Kuhusu mwezi, picha za taa za Krismasi zisikupumbaze. Karibu na tarehe 21 Desemba, jua la Helsinki huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa alasiri na dakika chache: mwanga haufiki saa 6. Mwishoni mwa Februari unapata zaidi ya saa 10, na theluji mara nyingi bado ipo. Ila shule za Finland hufunga kwa likizo ya baridi kwa zamu katika wiki tatu za katikati ya Februari hadi mapema Machi, na feri hujaa, kwa hiyo kata tiketi zake mapema. Tarehe 24 Februari ni siku ya uhuru wa Estonia. Hakikisha kwanza unakotaka kwenda kuko wazi siku hiyo.

Viza ni moja, ya Schengen, inayokubaliwa katika nchi zote tatu. Iombe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, ambayo kwa mpango huu ni Finland. Siku zikilingana, ombi huenda kwa nchi utakayoingilia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini anayesubiri hizo siku 15 anajitafutia presha, maana uamuzi unaweza kuvutwa hadi siku 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 za matibabu kwa kila mmoja, mtoto mchanga naye akiwemo. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, barua ya ridhaa ya mzazi mwingine iwe ndani ya begi la mkononi hata baada ya viza kutoka, kwani ofisa wa mpakani naye anaweza kuiulizia.

Sasa nguo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Wengi hununua koti moja nene kuliko yote dukani, kisha ndani wanamvalisha mtoto fulana ya pamba. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Mtoto akikimbia dakika kumi kisha akasimama, ile fulana iliyolowa inamganda mwilini na koti haliwezi kumsaidia. Tabaka la kwanza liwe sufu laini au kitambaa cha michezo kinachokauka haraka, juu na chini. La pili liwe sweta la sufu au la flisi, kitambaa laini chenye manyoya mafupi. La tatu ni la kuzuia upepo na maji, na kwa mtoto mdogo ovaroli nzima inashinda koti na suruali, maana theluji haipati pa kuingilia kiunoni. Seti mbili za tabaka la kwanza kwa kila mtoto zinatosha: moja mwilini, nyingine inakauka.

Kiatu kiwe na nafasi ya kuchezesha vidole ukiwa umevaa soksi ya sufu. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huleta baridi zaidi, kwa sababu damu haipiti vizuri na hewa ya kuhifadhi joto haipo. Glavu za watoto ziwe za aina inayoweka vidole vinne pamoja, na ubebe jozi ya akiba. Moja itapotea, hilo usibishane nalo.

Mtoto aliyekaa kwenye kigari hatembei, kwa hiyo hupoa wakati wewe unayesukuma unatokwa jasho. Usimpime kwa mwili wako. Ingiza kidole nyuma ya shingo yake: pakiwa na joto na pakavu, yuko sawa. Mtazame uso kila baada ya robo saa. Ukiona doa lililopauka kwenye shavu au pua, na mtoto hasikii ukiligusa, mwingize ndani na ulipashe kwa kiganja chako. Usilisugue, na theluji usiisogeze hapo kabisa. Mtoto anayelialia kwamba anasikia baridi bado ana nguvu. Aliyenyamaza ghafla na kulegea ndiye wa kukimbiza kwenye joto.

Miji ya kale ya Tallinn na Riga ina barabara za mawe, na magurudumu madogo ya kigari hukwama katikati ya mawe hayo, hasa theluji ikiyeyuka na kuganda tena. Mbeleko au kibebeo cha mgongoni ni bora huko. Watu wazima wavae soli za mpira zenye meno ya chuma zinazovalishwa juu ya kiatu, wazivue kabla ya kuingia dukani, maana kwenye vigae huteleza vibaya. Ukikuta utepe umezungushwa kando ya ukuta, pita mbali: theluji na barafu huanguka kutoka paani. Na kila mtu avae kiakisi mwanga gizani. Estonia wanaweza kukutoza faini usipokuwa nacho.

Tiketi na mbao za bandarini huandika saa kwa mfumo wa 24. 13:30 ni saa saba na nusu mchana. 7:30 ni saa moja na nusu asubuhi. Anayesoma harakaharaka na kuichukulia 7:30 kuwa saa saba na nusu atafika feri ikiwa imeshaondoka zamani. Fika saa moja nzima kabla, tena hakikisha unajua bandari ipi, kwani Helsinki ina zaidi ya moja. Pasipoti zikae nawe ndani ya basi, si kwenye buti, kwa kuwa polisi wanaweza kupanda kukagua.

Kila siku, nje asubuhi, ndani mchana jua linapoanza kushuka. Helsinki, feri ya kwenda Suomenlinna, ngome ya kale iliyo visiwani, huvuka kwa dakika 15 hivi, na ukirudi kuna maktaba ya Oodi, bure, yenye sehemu ya watoto ghorofa ya juu. Tallinn kuna Lennusadam, makumbusho ya bahari ambamo watoto huingia ndani ya nyambizi Lembit iliyoundwa miaka ya 1930. Riga, soko kuu limo ndani ya mabanda yaliyojengwa kwa sehemu za mabanda ya zamani ya Zeppelin, zile ndege kubwa za puto.

Kula mlo mkubwa mchana, ndipo migahawa huwa na bei nafuu. Alhamisi Finland ni siku ya supu ya njegere, lakini kwa kawaida ina nguruwe ndani. Asiyemla ayajue maneno matatu: sianliha kwa Kifini, sealiha kwa Kiestonia, cūkgaļa kwa Kilatvia.

Jioni toa soli za ndani za viatu na ujaze magazeti. Usiviegemeze kwenye hita, gundi huachia. Na asubuhi, watu wazima wamalize kujivalisha kwanza, makoti ya watoto yawe ya mwisho kabisa, mlangoni.