Jirani wa wodini ana TB: nimrudishe mwanangu hospitali?

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili, kilo 11. Mwezi uliopita alilazwa siku tano kwa homa ya mapafu. Juzi hospitali ilinipigia: mama aliyekuwa akiuguza mtoto kitanda cha pili amepatikana na TB. Wangu anacheza na kula vizuri, na chanjo ya BCG alipata alipozaliwa. Kuna haja ya kurudi? Nyanyake naye hataambukizwa? – Mama, Shela, Lamu

JIBU: Mpeleke wiki hii, mama, hata kama anacheza. Wodini, anayeeneza TB aghalabu si mtoto, ni mtu mzima anayekesha kando ya kitanda akikohoa, madirisha yamefungwa. Mtoto mdogo ana vijidudu vichache na kikohozi chake hakina nguvu ya kuvirusha. Kwa hiyo nyanya asimwogope, wala msimtengee sahani. TB huenea kwa hewa. BCG hukinga zaidi TB ya ubongo na ile inayosambaa mwilini. Ya mapafu bado inaweza kumpata.

Beba kitabu cha kliniki, maana uzito uliosimama husema mapema kuliko kikohozi. Akiwa na homa, kikohozi au amekonda, atapimwa kwanza. Asiyeweza kutema makohozi hupimwa hata kwa choo. Sababu ni kwamba dawa za kinga akipewa mtoto ambaye tayari anaugua, vijidudu vinaweza kuzizoea.

Akiwa mzima, ataanzishiwa kinga. Kipimo cha TB cha ngozi si lazima kwa umri wake, na kabla ya wiki nane kupita tangu akutane na mgonjwa kinaweza kukosea. Kwa kilo 11, kawaida ni vidonge viwili vya watoto vya rifampisini na isoniazidi (miligramu 75 na 50) kila siku kwa miezi mitatu, vikiyeyushwa katika maji safi na kunywewa papo hapo. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, usishtuke. Macho yakigeuka manjano au akitapika mfululizo, simamisha dawa na umrudishe siku hiyo hiyo. Muulize daktari pia kama TB ya yule mama ni sugu kwa dawa, kwani hapo dawa hubadilika.

Jambo moja zaidi. Wauguzi hufuatilia waliolazwa kwa kitabu cha wodi, na kitabu hakiandiki kila shangazi aliyelala pale. Wengine wamesharudi Faza au Kizingitini na simu zimezimwa. Ukiwakumbuka mliolala nao, wataje kwa muuguzi, bila kulitangaza jina la mgonjwa mtaani.