Phoenix ya babu yako, usiipige rangi kwanza

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umeniuliza kuhusu baiskeli ya Phoenix aliyokuachia babu yako: fundi anataka aipige rangi upya yote, ang'oe breki za vyuma aweke za waya, nawe unaogopa kwamba ikirudi hakuna Shinyanga nzima atakayeitambua. Hofu yako ina msingi. Baiskeli ya namna hiyo hutambulika kwa alama za matumizi, na alama hizo zikifunikwa, inabaki fremu nyeusi kama nyingine zote.

Nianze na breki, maana nadhani fundi hakuitazama ringi. Pitisha kidole ubavuni mwake: umeviringika, hauna sehemu bapa. Hiyo ni ringi ya Westwood. Breki za vyuma huvuta raba kwenda juu, zikakaza upande wa ndani wa ringi, ule unaotazama habu, yaani kitovu cha gurudumu. Breki za waya hubana ubavuni, na kwenye ringi hiyo hazina pa kushika. Raba itateleza, na siku mbaya itaingia kwenye spoku. Ukitaka za waya kwa kweli, ununue na ringi za ubavu bapa, zenye matundu 32 mbele na 40 nyuma, ufunge spoku zote upya. Mimi singefanya hivyo. Badilisha raba nne, uache nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya raba na ringi, na uweke tone la mafuta kwenye kila kiungo cha vile vyuma. Mvua ikinyesha, shika breki kidogo mapema ili raba zifute maji kwanza. Chuma kilicholowa hakishiki haraka.

Rangi nayo, shughulikia kutu tu. Msasa namba 120 palipoliwa, kisha 240, futa vumbi, paka praima nyekundu, ikikauka paka rangi nyeusi ya mafuta kwa brashi ndogo. Nembo iliyo mbele chini ya usukani usiiguse. Pale kwenye bomba la juu palipochubuka, ambapo babu yako alikuwa akifunga mzigo, wengi huzungushia ukanda wa tyubu kuukuu: ukate upana wa sentimita 3, uuvute kwa nguvu, kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia. Unapendeza na unakinga. Lakini maji hujificha chini yake na chuma huoza bila kuonekana, kwa hiyo pakaa grisi nyembamba kabla ya kufunga, na kila mwaka baada ya masika ufungue utazame.

Sasa kota pini, zile zinazobana mikono ya pedeli kwenye ekseli yake, ambazo hukuuliza, ila ndizo zinazoharibu baiskeli hizi kuliko kitu kingine. Ukisikia mlio mmoja wa "ko" kila pedeli inapozunguka, pini imelegea kwenye mkono wa pedeli. Zinaingia mbili kwa kupishana: mikono ikiwa imelala, mmoja mbele na mwingine nyuma, nati ya moja inatazama juu na ya nyingine chini. Zikiingizwa upande mmoja, pedeli hazitakaa mstari ulionyooka, na utachoka goti moja bila kujua sababu. Kabla ya kupiga nyundo, simamisha kipande cha bomba la chuma chini ya mkono wa pedeli, kifike sakafuni, pini iwe na nafasi ya kupenya ndani yake. Bila hicho, pigo lote linashuka kwenye gololi na kutoboa vishimo ndani ya bakuli zake, na hapo hakuna grisi itakayoziponya. Nati si ya kuivutia pini ndani. Nyundo ndiyo inayoiingiza, nati inaishikilia tu. Baada ya wiki moja ya kuendesha, gonga tena na ukaze.

Mkifungua, hesabuni gololi. Habu ya nyuma ina 9 za robo inchi kila upande, ya mbele 10 za inchi 3/16 kila upande, na kwenye ekseli ya pedeli, kama hazina kizimba cha kuzishika pamoja, ni 11 za robo inchi kila upande. Bakuli likijaa lazima ibaki nafasi ndogo. Fundi anayeshindilia moja zaidi anazifanya zisuguane. Gololi yenye hata doa moja, badilisha zote za upande huo.

Mapambo weka, mwanangu, wala usione haya. Ile mikanda ya nyuzi za rangi inayozunguka habu inafuta vumbi kadiri gurudumu linavyozunguka, habu ikabaki inang'aa. Shanga za plastiki kwenye spoku hazina madhara, mradi spoku zenyewe ziwe zimekaza: zipige kwa ukucha moja moja, inayotoa sauti ya chini kuliko wenzake imelegea. Raba ya madigadi yenye maneno, chagua maneno yako mwenyewe. Karia tu ndiyo nakuomba usimruhusu mtu aichomelee kwenye fremu. Moto wa kuchomelea hudhoofisha maungio yaliyounganishwa kwa shaba. Nondo za kuiimarisha zifungwe kwa nati kwenye ekseli ya nyuma.

Oili chafu ya injini usitie kwenye cheni, ina unga wa chuma na inashika vumbi. Na kabla hujanunua friwili mpya, ile gia ya meno ya gurudumu la nyuma, pima cheni kwa rula: pingili 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa inchi 1/8, cheni hiyo imekwisha na inakula meno. Niandikie umepata ngapi, nikwambie kama friwili ya babu yako itaweza kupokea cheni mpya.

Baba yako