Kinyama Hakikuonyesha Saratani: Kwa Nini Mama Afanyiwe Upasuaji?

SWALI: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 61. Alipata choo cheusi na kupungukiwa damu, akafanyiwa endoskopi iliyoonyesha uvimbe wa sentimita 5 kwenye mfuko wa tumbo. Kinyama kilichochukuliwa kilileta majibu kwamba hakuna saratani, lakini daktari wa upasuaji anasisitiza uvimbe uondolewe. Tumsikilize? Je, ataondolewa tumbo lote?

JIBU: Poleni sana. Msikilizeni, kwa sababu majibu hayo hayapingani na ushauri wake. Saratani ya kawaida ya tumbo huanzia kwenye utando wa ndani, lakini kuna vivimbe adimu vinavyoota ndani ya ukuta wenyewe, katika tabaka la misuli. Koleo la endoskopi hunyofoa utando wa juu tu, ambao unaweza kuwa mzima kabisa ilhali uvimbe umejificha chini yake bila kuguswa. Majibu ya mama yanahusu kipande kile tu, na naomba familia nzima ilielewe hili kabla ya kuamua lolote.

Ninaoushuku zaidi ni ule uitwao GIST, unaohusiana na seli za Cajal, ambazo huongoza mdundo wa misuli ya tumbo na utumbo. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walionyesha kwamba vingi vya vivimbe hivi huchochewa na hitilafu katika jeni ya KIT, na ndiyo maana maabara huvitambua kwa kupima protini za KIT na DOG1. Sampuli ya kina hupatikana kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi kupitia endoskopi, ingawa uvimbe unaovuja damu na unaoondoleka kwa urahisi huweza kukatwa bila kusubiri kipimo hicho. CT skani huonyesha mipaka yake na kama umefika kwenye ini.

Kuhusu upasuaji, mara nyingi hukatwa sehemu ndogo ya ukuta pamoja na ukingo mwembamba wenye afya, na tezi za limfu huachwa kwa kuwa GIST huzifikia kwa nadra. Jambo zito kuliko yote ni uvimbe utoke mzima: ukipasuka, seli zake humwagika tumboni na hatari ya kurudi huongezeka sana. Kwa hiyo daktari akichagua kufungua tumbo badala ya kutumia matundu madogo, msidhani amepungukiwa ujuzi. Uvimbe ulio karibu na mlango wa umio huweza kwanza kupunguzwa ukubwa kwa vidonge vya imatinibu, dawa inayozuia kazi ya KIT, kwa miezi kadhaa, ili sehemu kubwa ya tumbo isalimike.

Baada ya upasuaji, ukubwa wa uvimbe na kasi ya kugawanyika kwa seli ndivyo vitakavyoamua kama mama atahitaji imatinibu, ambayo kwa wenye hatari kubwa hutumiwa kwa miaka 3. Choo cheusi kikirudi kabla ya siku ya upasuaji, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.