Excel inasema namba yangu inagawanyika kwa 100

SWALI: Nilitaka kujua kama 12345678987654321, inayosomeka vilevile kutoka kulia au kushoto, ni namba tasa. Nikiiandika Excel inageuka 12345678987654300, maana yake inagawanyika kwa 100. Mwalimu wa tuisheni naye anasema namba za aina hii zote hugawanyika kwa 11. Nishike lipi?

JIBU: Usishike hata moja. Tasa si tasa, lakini sababu ni nyingine: ni mraba wa 111111111, ambayo ni 9 × 37 × 333667. Vigawo vyake tasa basi ni 3⁴ × 37² × 333667², na vigawo vyote kwa jumla ni 45. (Msururu wa 11² = 121, 111² = 12321 huishia pale tarakimu 1 zinapokuwa tisa. Zikiwa kumi, kubeba kunaharibu katikati: 1234567900987654321.)

Kanuni ya 11 ni ya kweli pale tu idadi ya tarakimu ni shufwa, kama 1221. Yako ina tarakimu 17. Toa na jumlisha kwa zamu, 1 − 2 + 3 − 4 hadi mwisho, utapata 1, na hilo ndilo baki la kugawanya kwa 11. Mwalimu huyo angejaribu 131 tu asingeyasema hayo. Kuuza kanuni nusu kwa watoto wa mtihani ni kuwaibia.

Linalonikera zaidi ni hili la Excel, kwa sababu watu huamini kilichoandikwa kwenye skrini. Excel hushika tarakimu 15 tu; kuanzia ya 16 huweka sifuri, bila onyo lolote. JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za mtandaoni, nayo inakupa 12345678987654320, kwa kuwa juu ya 2⁵³, yaani 9007199254740992, namba zake za kawaida haziwezi kushika kila namba nzima, na hapo ulipo witiri zote zimekosa nafasi. Ndiyo maana "kipima namba tasa" cha mtandaoni kinaweza kukujibu kuhusu namba ambayo hukuiuliza. Tumia Python, lugha nyingine ya programu, ambayo namba zake nzima hazina kikomo hicho: andika n % 3 (n ni namba yako, na % hutoa baki), na ukigawanya tumia //, kwani / inakurudisha kwenye namba za desimali zenye kikomo kilekile cha JavaScript.

Na msidhani ni mchezo wa wapenda hesabu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Karani akiiandika Excel bila vistari, tano za mwisho zinakuwa sifuri, na orodha nzima ya wafanyakazi inaharibika kimyakimya. Kubadili kisanduku kuwa Text (maandishi) baadaye hakusaidii, tarakimu zimekwishapotea. Hata wale wanaouza "fomula ya kuzirudisha" hawana pa kuzitoa. Weka safu iwe Text kwanza, au tanguliza alama ya ' kabla ya tarakimu ya kwanza, kisha andika upya kutoka kwenye kitambulisho chenyewe.