Wasomaji Wanauliza: Kutamka Kiesperanto

SWALI: Tangu Kongamano la Dunia la Kiesperanto, ile lugha ya kimataifa ya kubuniwa, lifanyike hapa Arusha, Agosti 2024, najifunza mwenyewe kwa kitabu. Nasoma vizuri, ila sijui kama natamka sawasawa. Rekodi nizipate wapi, maana bando langu ni dogo?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Nusu ya kazi umeshaimaliza. Irabu ni tano, zilezile zetu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama katika Kiswahili: fa-mi-LI-o. Bando lisiishie hapo. Rekodi unazihitaji kwa ajili ya konsonanti.

Kwa neno mojamoja ingia Forvo, tovuti ya matamshi. Kwa sentensi, ingia Tatoeba, tovuti ya sentensi za mifano, ukichagua zenye sauti. Usomaji mrefu uko LibriVox, tovuti ya vitabu vilivyosomwa kwa sauti, bure, na unapakuliwa. Faili ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kama nusu MB kwa dakika, kwa hiyo sura ya dakika 20 ni MB 10 hivi. Wasomaji wake wanajitolea, na wengine wana lafudhi za kwao. Sikiliza watatu, usimng'ang'anie mmoja.

Cheza sekunde 5, simamisha, jirekodi kwa simu, kisha sikiliza zote mbili mfululizo. Hapo utajisikia unavyopachika irabu: “dankon” (asante) inakuwa “dankoni”, “strato” (mtaa) inakuwa “sitarato”. Hiyo n ya mwisho ni alama ya yambwa, hivyo iache ikatike palepale. Gumu kweli ni “scias” (anajua, najua), kwa sababu c husomwa ts, na s imetangulia. Ukisema “mi scias”, isukume s kwenye neno la nyuma yake: mis-TSI-as. Ulimi utakubali.

Jihadhari na simu inayokusomea maandishi kwa sauti lakini haina sauti ya Kiesperanto. Ikisoma kwa Kihispania, j ya “kaj” (na) hutoka kama kh, wakati inapaswa kuwa y: “kay”. J yetu sisi kwa Kiesperanto huandikwa ĝ. Na ĵ? Weka vidole kooni, tamka sh, kisha lifanye koo litetemeke.

SWALI: Je, nyimbo zinafaa?
Msomaji, Moshi

JIBU: Kwa mazoezi ya sikio, ndiyo. Kwa mkazo, bado: mwimbaji hufuata mdundo, na irabu ya mwisho ya nomino huruhusiwa kudondoshwa. Anza na maandishi yaliyosomwa.