Ukipanda treni Ulaya, nunua peni kabla ya kamera

Juzi usiku kanipigia binti mmoja wa Dar, mdogo wake rafiki yangu. Anakuja Ulaya mwezi wa sita kutembea kwa treni wiki tatu na swali lake lilikuwa moja tu, dada ninunue kamera gani nisije nikapoteza kumbukumbu. Nkamwambia mdogo wangu kamera achana nayo, simu yako inatosha, we nunua peni nzuri afu niandikie majina ya watu watano unaowapenda na masanduku yao ya posta. Akanyamaza kidogo, akasema dada mbona simjui mtu hata mmoja mwenye sanduku la posta. Hapo ndo nkaona bora niandike yote niliyojifunza kuhusu kutuma postikadi nyumbani ukiwa safarini, maana hata mie nlianzia hapohapo alipo yeye.

Naishi Köln, Ujerumani, mwaka wa nne sasa, na mwaka jana mwezi wa tano nlichukua likizo nkazunguka kwa treni. Tiketi ntaisema kwa kifupi. Ukiwa mkazi wa Ulaya unanunua pasi ya treni ya Interrail, ukitokea Tanzania au Kenya unanunua ya Eurail, nchi ni zilezile 33. Mie nlichukua ya siku 7 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, yaani siku usiyopanda treni haihesabiwi. Ila pasi haikupi siti kila mahali, treni za kasi za Ufaransa na Italia na zile za usiku lazima ulipie siti mapema, Ujerumani na Austria treni nyingi za mchana unaingia tu unakaa. Basi, tuje kwenye postikadi.

Nlianza kwa sababu ya bibi yangu aliyeko Muheza. Bibi simu hataki. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa kibarua wa reli ya Tanga, na bibi amezeekea kwenye nyumba ambayo zamani saa yao ilikuwa treni, ikipita tu anajua muda wa kuinjika chungu umefika. Huko nyuma nlikuwa namtumia mama mdogo picha kwa WhatsApp amwonyeshe, mama mdogo ananiambia bibi anaangalia, anasema mashallah, kidole kinasukuma picha ya pili, ya tatu, ya kumi, imeisha, kesho yake hakumbuki kama aliona daraja au kanisa. Na simlaumu, picha 60 kwa mpigo nani atazishika kichwani, mie mwenyewe niliyezipiga sikumbuki.

Kadi ya kwanza nliiandika ndani ya treni kati ya Koblenz na Bingen. Ukitoka Köln kwenda kusini kuna njia mbili, treni nyingi za kasi za Kijerumani, ICE, zinapita kwenye reli ya kasi iliyofunguliwa 2002, hiyo inakimbia sambamba na barabara kuu na mto huuoni kabisa, kwa iyo panda ile inayopitia Koblenz hata kama inachukua muda zaidi, kaa upande wa kushoto, mto Rhine utakwenda na wewe muda mrefu, ngome za kale juu ya vilima, meli za mizigo zinapishana, na ng'ambo unaliona jabali la Loreley limesimama juu ya maji, mita 132. Mie nkajaza kadi nzima ngome tupu. Ngome hii ya karne fulani, ngome ile ya mtawala fulani. Ikabaki nafasi ya mistari miwili hivi. Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima wa Kijerumani, anamenya tufaha kwa kisu kidogo bila kukata ganda, likawa utepe mmoja mrefu mpaka magotini, akakata kipande akanipa bila kusema neno, nkaandika na hilo ili mradi kadi ijae. Ilipofika Muheza bibi hakuuliza ngome hata moja. Aliuliza habari za tufaha. Yule mama alikuwa anakwenda wapi, ana watoto, mbona hakusema kitu, na wewe ulimshukuru kwa lugha yao?

Tangu siku ile kadi yangu moja inabeba kitu kimoja, tena kitu ambacho picha ya mbele haikionyeshi. Picha tayari ina mlima, mlima usiuandike. Andika aliyekaa karibu yako, andika chai uliuziwa shingapi, andika mtoto alikuwa analilia nini. Na andika humohumo ndani ya behewa, siku hiyohiyo, usijiambie ntaandika usiku hotelini, manake usiku umechoka utaishia "huku ni kuzuri sana nawakumbuka wote" na maneno hayo hata aliyebaki nyumbani anaweza kuyaandika. Afu salamu usiiruke kwa kuogopa nafasi. Zangu zote zinaanza "Shikamoo bibi", na mama mdogo akianza kumsomea, bibi anaitikia marahaba, kila kadi, kila inaposomwa.

Sasa Uswisi, kosa linaloniuma mpaka leo. Nlipanda Chur kwenda Tirano. Kuna treni ya watalii yenye vioo mpaka darini, ile lazima ulipie siti, lakini kwenye reli hiyohiyo zinapita treni za kawaida za wenyeji, hazihitaji kubuku siti na baadhi ya madirisha yanafunguka, na mie nakushauri hizo za kawaida kwa moyo wote, unapiga picha bila kioo mbele yako na unasikia magurudumu yanavyolia kwenye kona. Daraja la Landwasser limepanda mita 65 kutoka bondeni, limepinda kama upinde, na mwisho wake treni inaingia moja kwa moja kwenye tundu la mlima, huoni ukingo wala ardhi, ghafla giza. Baadaye unafika Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, na treni inapanda mpaka kule kwa magurudumu ya kawaida bila reli ya meno ya kuisaidia kupanda, afu inaanza kuteremka kwenda Italia na pale Brusio inazunguka daraja la duara na kupita chini ya palepale ilipokuwa inapita juu. Juu kule ziwa lilikuwa bado lina barafu, na ilikuwa mwezi wa tano. Nkaandika kadi vidole vimekufa ganzi, kadi niliyoipenda kuliko zote, nkabandika stempu niliyonunua Chur, nkashuka Tirano, nkaona sanduku jekundu la posta, nkatumbukiza.

Tirano ni Italia. Stempu ni ya Uswisi. Mpaka umevukwa nimekaa kwenye siti yangu, wala sikuwaza, na kadi ile haijafika mpaka leo. Stempu ya nchi moja haitambuliki nchi nyingine, kwa iyo kadi ya Uswisi itumbukize Uswisi, kwenye sanduku la njano, Chur au Poschiavo, usisubiri kituo cha mwisho. Ukiwa unavuka mipaka kila baada ya siku mbili hili jambo linasahaulika kuliko unavyodhani.

Italia penyewe stempu utazipata kwenye maduka ya tabacchi, yaani ya sigara, yana kibao chenye herufi T, na sanduku la posta ya nchi ni jekundu lenye midomo miwili, wa kwako ni ule usiokuwa wa mji, umeandikwa "per tutte le altre destinazioni". Angalia sana maduka ya zawadi, wengine wanauza stempu za kampuni binafsi ambazo lazima uzitumbukize kwenye masanduku ya kampuni hiyohiyo, ukiweka kwenye jekundu umejitafutia matatizo. Venice treni inaingilia juu ya daraja refu katikati ya maji, na ukitoka tu mlangoni mwa stesheni ya Santa Lucia mbele yako ni mfereji mkubwa, boti ndo daladala zao. Bibi hili nlimwandikia hivyohivyo, boti ndo daladala.

Kutoka pale nlipanda treni ya usiku mpaka Vienna, na huko nilikuwa na hamu kweli manake postikadi imezaliwa Austria, tarehe 1 Oktoba 1869, kadi nyepesi isiyo na picha yoyote, upande mmoja anwani upande mwingine maneno, bei nafuu kuliko barua. Nlikaa stesheni nkamwandikia bibi kwamba kitu anachoshika mkononi kilianzia mji huu. Neno dogo la njia kwa wenzangu: pasipoti na kibali cha makazi kaa navyo mwilini, sio kwenye begi juu ya siti, askari wanapita kwenye treni zinazovuka mipaka, na kwenye behewa zima nlilokuwemo nliulizwa mie peke yangu. Iliniumiza. Karatasi zangu zilikuwa mkononi, ikaisha.

Budapest na Prague sina mengi, ila kumbuka kule sio yuro, ni forinti na koruna, na kibanda cha kadi mara nyingi kinataka sarafu.

Haya, sanduku la posta. Kwetu posta haiji mlangoni, barua inakwenda S.L.P., na watu wengi hawana, kwa iyo tafuta taasisi iliyo karibu na mtu wako: shule, msikiti, parokia, zahanati, ofisi ya mtu wa familia. Omba ruhusa kwanza. Bibi nlimwandikia kwa kupitia shule ya msingi anakofundisha mama mdogo, jina la bibi juu, chini jina la mwalimu, S.L.P., mji, halafu TANZANIA kwa herufi kubwa. Tumia peni ya kawaida, sio ya jeli, kwenye karatasi inayong'aa jeli inapakaa. Chini kabisa acha kama sentimita moja na nusu wazi, mashine za posta zinagonga alama zake pale na zitakula mstari wako wa mwisho. Kutoka Ujerumani kadi ya kwenda nje ni yuro 1.25 tangu Januari 2025. Zangu zilichukua kati ya wiki tatu na miezi miwili. Zipe namba, ili mwenye kupokea ajue kama kuna iliyopotea, na kabla ya kutumbukiza piga picha mbele na nyuma, mie hili nlilianza baada ya Tirano, nimechelewa. Hata risiti na tiketi za mashine zipige picha, karatasi ile baada ya miezi maandishi yanafutika.

Kingine, kadi inasomwa na kila mtu njiani, usiandike siri. Lakini kwangu hiyo ikawa baraka, walimu walikuwa wanazisoma ofisini kabla hazijafika kwa bibi, na mwalimu wa jiografia akaazima ile ya daraja la Landwasser, nliituma mapema nikiwa bado Chur, akaingia nayo darasa la sita. Watoto wakataka kujua nani alijenga nguzo bila kuanguka, na kama treni ikikutana na nyingine kwenye tundu inakuwaje.

Desemba nlikwenda nyumbani. Bibi ametunza kadi nane kwenye bahasha moja ndani ya sanduku la kanga, zinanukia karafuu. Akazipanga mkekani kwa namba, akaweka kidole kati ya ya pili na ya nne, akasema mjukuu wangu, ya tatu bado. Miezi saba mama mdogo alikuwa anaulizwa kila Ijumaa. Nkamweleza ya Tirano, nkamweleza ziwa la barafu na vidole vyangu, akasikiliza mpaka mwisho, afu akasema haya, sasa iandike.

Nkaiandika palepale barazani, kwenye kadi ya bandari ya Tanga niliyokuwa nayo kwenye begi, Shikamoo bibi, namba 3, asubuhi nkaenda posta ya Muheza nkabandika stempu ya Tanzania. Ilifika shuleni nimesharudi Köln. Mama mdogo akanitumia sauti ya dakika mbili akiwa anamsomea, na sekunde ya nne tu unasikia bibi anaitikia.